Laptopu ya Ofisi kwa Kazi ya Ubunifu: Jua Inabana Wapi Kabla ya Kununua

Mpiga picha wa harusi, mchoraji wa mabango na mhariri wa video wakifika Luthuli au Moi Avenue jijini Nairobi huuliza swali moja: hii laptopu ya kawaida itaweza kazi yangu? Muuzaji naye ana jibu moja: itaweza, ni i7. Herufi hiyo na nambari hiyo hazikuambii lolote mpaka ujue kazi yako inalemea kiungo gani cha mashine.

Kwa kuhariri picha, kuchora nembo, kupanga kurasa na kutengeneza muziki, laptopu ya ofisi inatosha kabisa kwa kazi ya kulipwa, mradi iwe na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na skrini ya kuaminika. Kwa video ya 4K, jibu linategemea kamera yako kuliko laptopu yenyewe. Kwa 3D na uhuishaji mzito, tafuta mashine yenye kadi ya grafiki ya peke yake na usipoteze muda kuibembeleza ile ya ofisi.

Pima kwa kazi yako halisi

Kama tayari una laptopu inayokuchosha, usiiuze kabla ya kujua nini kimelemewa. Fungua mradi wako mzito zaidi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye "Performance", kisha ufanye kazi kama kawaida kwa dakika kumi huku dirisha hilo likiwa wazi pembeni.

"Memory" ikipita asilimia 85 na "Disk" ikaanza kupanda pamoja nayo, RAM imejaa na Windows imegeuza diski kuwa RAM ya dharura. Hapo dawa ni RAM tu, na kwa kawaida ni rahisi kuliko kununua laptopu nyingine. "Disk" ikikaa asilimia 100 muda wote kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, iondoe uweke SSD. Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika MB 550, na NVMe ya PCIe 3.0, aina ya SSD yenye kasi zaidi, hukaribia MB 3,500.

Dalili inayowapita wengi iko kwenye "GPU", katika grafu ndogo ya "Video Decode". Cheza video yako ndani ya programu ya kuhariri. Ikikatakata huku grafu hiyo imelala kwenye sifuri na prosesa iko asilimia 100, chipu ya grafiki haiwezi kusoma aina hiyo ya video, kwa hiyo prosesa inaifungua kwa nguvu zake yenyewe. Kuongeza RAM hapo ni kutupa pesa.

Na kama hakuna kilichojaa lakini mashine inaburuta, tazama "Speed" chini ya CPU. Ikiwa imeshuka mpaka GHz 1 na ushei katikati ya kazi, shida ni joto au chaja. Tutaifikia.

Skrini ndiyo inayodanganya zaidi

Laptopu za ofisi zilitengenezwa kwa ajili ya barua pepe na majedwali ya hesabu, na mtengenezaji alibana gharama kwenye kioo. Nyingi zina paneli ya IPS ya 1920×1080 yenye rangi za asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha upana wa rangi) na mwangaza wa niti 250. Asilimia 45 ya NTSC ni chini kidogo ya theluthi mbili ya sRGB, yaani ya rangi ambazo simu na tovuti nyingi zinaonyesha. Unachokitaka ni paneli ya asilimia 72 ya NTSC, ambayo ni karibu sRGB yote.

Kasoro hii huonekana kwa mteja. Chukua picha za ruracio (sherehe ya mahari) zenye shuka nyekundu, au vitenge vya manjano na machungwa. Kwenye paneli dhaifu nyekundu inaonekana imechujuka, nawe unaongeza ukolezo mpaka ikupendeze. Mteja anafungua kwenye simu ya AMOLED: ngozi za watu zimegeuka rangi ya chungwa na shuka imekuwa bapa moja lisilo na mikunjo. Hukukosea kuhariri. Ulihariri kitu ambacho skrini haikukuonyesha.

Paneli mbaya zaidi ni TN ya 1366×768, ambayo bado ipo kwenye laptopu za zamani za ex-UK, yaani zilizotumika na kuletwa kutoka Uingereza. Ijaribu hivi: fungua picha yenye giza jingi, kisha uinamishe skrini mbele na nyuma. Vivuli vikibadilika kuwa vya kijivu au rangi zikigeuka, hiyo ni TN. Usiharirie picha hapo hata kama unaipata kwa bei ya kutupa.

Usimuulize muuzaji kuhusu rangi, maana mara nyingi naye hajui. Weka HWiNFO64, programu inayosoma maelezo ya mashine, kwenye flashi (ile isiyohitaji kusakinishwa), ifungue, nenda kwenye "Monitor" usome nambari ya paneli. Itaanza na kitu kama B140HAN, LP140WF au N140HCE. Itafute nambari kamili kwenye tovuti ya Panelook, ambako utaona asilimia ya rangi na mwangaza wake. Laptopu mbili za modeli moja, rafu moja, bei moja, zinaweza kuwa na paneli tofauti, kwa hiyo pima ile ile utakayoondoka nayo.

Paneli dhaifu si sababu ya kuikataa mashine nzuri. Monita ya nje ya IPS ya inchi 24 inayofikia sRGB kwa asilimia 99 au 100 inamaliza shida hiyo, na skrini ya laptopu inabaki ya vidirisha na orodha za faili. Kuna mitego miwili. HDMI 1.4, ambayo laptopu nyingi za zamani zinayo, hupeleka 4K kwa mara 30 kwa sekunde tu, na kipanya kitaonekana kinavuta miguu. Kwa 1080p haina neno. Pia, rangi nyeusi ikionekana imekuwa kijivu baada ya kuunganisha, mpangilio wa rangi umewekwa "Limited". Ubadilishe kuwa "Full" ndani ya programu ya grafiki.

Kisha urekebishe rangi kwa kifaa cha kupimia, kama vile Spyder au Calibrite. Kifaa kimoja kinatosha ofisi nzima, kwa hiyo wapiga picha wanne wanaweza kuchangiana. Weka nyeupe kwenye D65, gama 2.2, mwangaza cd/m² 120 kwa kazi ya mtandaoni, na karibu 80 hadi 100 kwa kazi ya kuchapishwa. Zima "Night light" na mwangaza unaojibadilisha wenyewe kabla ya kuanza. Ila ufahamu kwamba kifaa hiki hunyoosha rangi zilizopo. Hakiwezi kuongeza zile ambazo paneli haina.

Video: kodeki inaamua

Faili mbili za 4K zenye ukubwa sawa zinaweza kuwa mbingu na ardhi kwa laptopu kwa sababu ya kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. H.264 ya biti 8, 4:2:0, ambayo simu na kamera nyingi hurekodi, inasomwa na chipu ya grafiki ya karibu kila prosesa ya Intel utakayokutana nayo dukani. H.265 ya biti 10, 4:2:0, inasomwa kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 7. Lakini H.265 ya biti 10, 4:2:2 (inayobeba taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0), ambayo Sony a7 IV hutoa kwenye XAVC HS na Canon R6 hutoa ukiwasha Canon Log, kwa upande wa Intel inasomwa vizuri kuanzia kizazi cha 11. Chipu za Apple kuanzia M1 zinaisoma pia. Kadi za NVIDIA zilikuja kuiweza mwaka 2025 na mfululizo wa RTX 50, ndiyo maana laptopu ya michezo ya bei kali yenye kadi ya kabla ya hapo inaweza kukwama kwenye faili ambayo laptopu nyembamba ya ofisi ya kizazi cha 12 inaicheza bila taabu.

Kama unaweza kubadilisha mpangilio wa kamera, anza hapo: kazi ya kawaida ya mahojiano au hafla, piga kwa 4:2:0 na laptopu yako itapumua. Kama unahitaji 4:2:2 kwa ajili ya kusahihisha rangi, tumia proksi, yaani nakala nyepesi za video unazohariri nazo kabla ya programu kurudi kwenye zile za asili wakati wa kutoa kazi.

Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, fungua mipangilio ya mradi, "Master Settings", uchague "Proxy media resolution" iwe "Half" na umbizo liwe DNxHR LB. Rudi kwenye Media Pool, chagua klipu zote, bonyeza kitufe cha kulia, "Generate Proxy Media", kisha uiache mashine ifanye kazi usiku ikiwa kwenye chaja. Asubuhi nenda "Playback", "Proxy Handling", "Prefer Proxies". Wakati wa kutoa faili ya mwisho, hakikisha "Use proxy media" haijawekwa alama, la sivyo utampa mteja nakala nyepesi. Kodeki ya kamera yako ikikataliwa, geuza klipu kwanza kwa Shutter Encoder, ambayo ni ya bure, na uhifadhi majina ya faili kama yalivyo.

Hesabu nafasi kabla hujaanza. Kamera inayorekodi Mb (megabiti) 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili, saa tatu kila moja, ni GB 270. Proksi za 1080p za karibu Mb 38 kwa sekunde zinaongeza GB 17 kwa kila saa, jumla kama GB 100. SSD ya GB 512 yenye Windows na programu haitaubeba mradi huo, na SSD iliyojaa huanza kuandika polepole. Acha angalau asilimia 15 wazi. Weka mradi kwenye SSD ya nje ya USB 3, na video za asili ziwe na nakala ya pili kwenye diski nyingine kabla hujafuta kadi ya kamera.

Video za simu zina ugonjwa wao. Simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na kwenye programu ya kuhariri sauti inaanza kuachana na midomo. Pitisha klipu kwenye HandBrake kwanza ukiwa umechagua "Constant Framerate".

RAM na prosesa

GB 8 zinafungua Photoshop, ila hazikuachi ufanye kazi. Fikiria bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200, la DPI 150: ni pikseli 5,020 kwa 11,811. Katika CMYK ya biti 8, tabaka moja lililojaa ni karibu MB 237 kwenye kumbukumbu. Tabaka kumi, historia ya kurudi nyuma, kivinjari chenye WhatsApp, na GB 8 zimekwisha zamani. (Bango linalotazamwa kutoka mita mbili halihitaji DPI 300. Uliza watu wa kuchapisha wa River Road wanataka ngapi. Mara nyingi 100 hadi 150 zinatosha na faili inapungua sana.) GB 16 ndicho kiwango cha kuanzia, na GB 32 ni kwa anayehariri 4K kila siku.

Nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM, na kijiti kimoja kinaipa njia moja tu. Kwenye prosesa nyingi za i5 na i7 za kizazi cha 11, Windows yenyewe itaiita grafiki hiyo "UHD" badala ya "Iris Xe" mpaka uweke kijiti cha pili. Kabla ya kulipa, tazama "Slots used" kwenye "Memory". ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 zina nafasi mbili za kubadilishwa. T490 ina RAM iliyochomelewa na nafasi moja ya kuongeza. X1 Carbon na MacBook Air haziongezeki kabisa, kwa hiyo kile unachonunua ndicho utakachokaa nacho.

Kuhusu prosesa, i7-7600U ina viini (cores) viwili. i5-8350U, ya kizazi kimoja mbele, ina vinne. Hiyo i5 inaishinda ile i7 vibaya katika kila kazi ya kutoa video au picha nyingi, na bado watu hulipa zaidi kwa sababu ya stika. Kizazi cha 8 pia ndicho mpaka wa Windows 11 kwa Intel, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usinunue chini ya hapo kwa kazi. Herufi ya mwisho nayo isome: U ni ya kutumia umeme kidogo, karibu wati 15, na H ni ya wati 45. H inafanya kazi ndefu bila kuchoka; U inaanza kwa kasi kisha inapungua.

Mpiga picha mwenye laptopu ya U asikate tamaa. Kwenye Lightroom Classic, tengeneza "Smart Previews" wakati wa kuingiza picha, kisha kwenye "Preferences", "Performance", weka alama kwenye chaguo la kutumia Smart Previews badala ya faili za asili. Unahariri nakala za pikseli 2,560 upande mrefu, na slaidi zinafuata mkono wako. Kitakachobaki kizito ni kuondoa chembechembe kwa AI, kazi ya kadi ya grafiki. Ikusanye uifanye usiku.

Joto, chaja na stima

Nairobi iko juu ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi na feni inaondoa joto kidogo kuliko ingeondoa Mombasa kwa nyuzi zile zile, na vumbi letu linaziba mapezi ya shaba haraka. Endesha Cinebench R23, programu inayoipa prosesa kazi nzito, kwa dakika 10 huku HWiNFO64 ikiwa wazi. Ukiona "Thermal Throttling" imeandikwa "Yes" muda mwingi na kasi imeshuka nusu, mpelekee fundi asafishe feni na abadilishe pesti ya joto. Laptopu ya miaka mitano ambayo haijawahi kufunguliwa karibu zote zinahitaji hivyo. Usiharirie ukiwa umeilaza juu ya kitanda, kwa sababu nyingi huvuta hewa kutoka chini.

Chaja ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65 itaiwasha, lakini kasi itapungua unapoanza kutoa video. Dell zina masharti zaidi: zisipoitambua chaja hushusha kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri, na mashine nzima inaonekana imekufa ganzi. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja kabla ya kumlaumu mtu.

Stima ikipotea, betri ya laptopu inakuokoa, ila monita na diski ya nje yenye adapta yake zinazima papo hapo. Diski ikizimika wakati wa kuandika, mfumo wa exFAT huharibika kirahisi kwa sababu hauweki kumbukumbu ya mabadiliko. Kama unatumia Windows pekee, iandae diski kwa NTFS, na kwa mradi unaoendelea tumia SSD ndogo inayopata umeme kutoka kwa laptopu yenyewe.

Muziki na 3D kwa ufupi

Muziki haujali kadi ya grafiki. Unajali kasi ya kiini kimoja, RAM ya kubeba sampuli, na mashine isiyokatiza sauti. Tumia kiolesura cha sauti chenye dereva yake ya ASIO, weka bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz (kama milisekunde 2.7) unaporekodi, na uipandishe mpaka 512 au 1,024 unapochanganya. Ukisikia mipasuko, endesha LatencyMon, programu inayoonyesha dereva inayochelewesha sauti. Mara nyingi dereva ya Wi-Fi ndiyo mhusika, nawe unaizima tu wakati wa kurekodi.

Kwa Blender (programu ya 3D) na Cycles, injini yake ya kutoa picha, tafuta RTX yenye VRAM ya GB 8. Chini ya hapo mandhari yenye maumbo mengi huenda isiingie kwenye kumbukumbu ya kadi.

Siku ya kununua ex-UK

Nenda na flashi ya USB 3 yenye HWiNFO64, CrystalDiskInfo (ya kukagua afya ya diski), Cinebench R23, picha zako za RAW na dakika moja ya video kutoka kwa kamera yako. Andika "powercfg /batteryreport" kwenye Command Prompt, kisha ulinganishe "Design capacity" na "Full charge capacity": ikiwa ya kwanza ni 57,000 na ya pili 34,000, betri imebakiza asilimia 60, na hiyo ni hoja ya kushusha bei. Kwenye CrystalDiskInfo, SSD iliyoandikwa "Caution" ibadilishwe hapo hapo.

Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, ukibonyeza inapowaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad za Lenovo. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji hana, iache. Kwa Mac, ifute na uianzishe upya mbele yake ikiwa kwenye intaneti. Ikionyesha "Remote Management" au ikitaka akaunti ya mtu mwingine, bado ni mali ya kampuni au ya mwenyewe wa zamani, na inaweza kufungwa wakati wowote. Jaribu kila tundu la USB, la HDMI na la kadi. Laptopu nyingi za ofisi hazina nafasi ya kadi ya SD, kwa hiyo weka pesa ya kisomaji cha USB 3 pembeni: kadi ya GB 64 kupitia USB 2.0 huchukua kama nusu saa, na kupitia USB 3 kama dakika 12.

Risiti iandikwe modeli kamili, ukubwa wa RAM na SSD, na nambari ya utambulisho iliyo chini ya mashine, pamoja na siku za kurudisha. Hakiki nambari hiyo ndani ya BIOS pia, kwa sababu kifuniko cha chini hubadilishwa na mafundi, lakini iliyo ndani ndiyo ya ubao mama unaoununua.